Mkono wa Kushoto wa Shati

Kwako kaka yangu mkubwa,

Adabu tuliyolelewa nayo inanitaka nikujulie hali kabla ya neno lingine lolote, basi nakujulia. U hali gani? Unakula? Unapata usingizi? Kifua chako kinachobana msimu wa vumbi kimetulia? Nimeuliza yote hayo kwa ajili ya mama, ambaye alisimama nyuma ya kiti changu nilipoanza kuandika na hakuondoka mpaka alipohakikisha nimekusalimia. Sasa ameenda kujinyoosha chumbani. Ni saa nane mchana, na tumebaki mimi na wewe.

Sisi huku tupo. Mama miguu imevimba tena, lakini anatembea na anagomba, kwa hiyo hajambo. Duka tulilifungua Jumatatu ya kwanza baada ya mazishi, kwa kuwa wateja hawawezi kuacha kuchafua nguo eti sisi tumefiwa. Karo mbili za kufulia zinafanya kazi, na ya tatu inavuja pale pale ulipoahidi mara kumi kwamba utapaziba. Kamba ya katikati kule uani hatuaniki kitu juu yake. Mama amekataa, nami sikumbishia.

Barua yako ilifika. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama kaunta, mara ya pili nimekaa, na mara ya tatu ilibidi niiweke mezani na kuibana kwa kopo la wanga, nisije nikaichana kwa hasira. Nilitaka nikujibu siku ile ile. Nashukuru sikukujibu, maana siku ile nilikuwa najua nusu tu ya ulichofanya. Leo najua yote, na hasira yangu haichemki tena. Imekauka ikawa ngumu, kama kola iliyotiwa wanga kupita kiasi.

Umeniandikia kwamba sisi ni damu moja. Neno "ukoo" umeliandika mara saba, nimehesabu. Umesema Bwana Miwani ndiye aliyemuua mdogo wetu, kwamba ana mganga, na huyo mganga ndiye aliyeigeuza kazi uliyoituma ikarudi nyumbani kwetu. Umesema mpelelezi ni adui wa nyumba yetu, na kwa kuwa umesikia siku hizi naye analeta nguo zake kwetu, nilichukue koti lake kabla halijaingia majini, niwashe ile pasi, nifanye "ile kazi". Ukanipa jina la hoteli unakopiga pasi mashuka, na jina la bandia unalojiita huko, ili nikujibu. Ukamalizia kwa kuuliza kama viatu vyako vyeusi nimevihifadhi mahali pakavu.

Kaka, viatu. Hukuuliza mdogo wako tulimzika lini, wala nani alilibeba jeneza upande ambao ungekuwa wako, wala nani alimshika mama alipotaka kurudi makaburini peke yake. Uliuliza viatu. Vipo, na ni vikavu.

Sasa kaa kitako unisome. Nitaandika na mambo unayoyajua, tena kwa utaratibu, kwa sababu wewe umezoea kuyasema nusu nusu mpaka yanasikika kama ushujaa.

Babu alikuwa dobi, baba akawa dobi, na sisi ni madobi. Babu alipokufa aliacha karo tatu za saruji, wateja wake, na pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko na pengo dogo ukingoni, upande wa kushoto, ilipodondoshwa zamani. Ndani ya pasi ile mna jini. Babu hakusema hata siku moja alimpataje. Sisi tulikua tukimwita Mpangaji, maana anaishi kwetu, halipi kodi, na hakuna anayethubutu kumtoa. Masharti yake tuliyajua kabla ya kujua kusoma. Ukitia mkaa ndani ya pasi ile na kuikandamiza juu ya nguo ambayo haijafuliwa, Mpangaji humwendea mwenye jasho lililo jipya zaidi kwenye nguo hiyo. Kabla jua halijazama mtu huyo huwa ameanguka, kifuani ana alama ya pasi, na nguo aliyovaa haijaungua hata uzi mmoja. Nguo safi haimwambii chochote. Ndiyo maana nguo zetu sisi hufuliwa siku ile ile tunapozivua, na mpaka leo mama hawezi kuona soksi chafu sakafuni akakaa kimya.

Baba hakuitumia pasi ile maisha yake yote. Aliifungia kwenye kabati chini ya kaunta, na alipokuwa anakata roho akakukabidhi ufunguo wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa. Nilikuwepo, nimeshika beseni. Alisema pasi ni ya kulinda nyumba, na kwamba yeye binafsi hajawahi kuona shida ambayo haikwisha kwa maneno au kwa kuhama. Ulilia, ukaapa. Miezi minne baadaye dalali aliyetaka kututoa kwenye jengo alikutwa ameanguka ofisini kwake, na shati lake lilikuwa kwetu.

Sijitii hamnazo. Nilijua, na mama alijua. Tulinyamaza, tukaendelea kuishi kwenye jengo lile lile, na mioyoni tulishukuru. Kisha ukamfuata yule mzee wa suti za kijivu, aliyemwita mama mwizi mbele ya wateja kwa sababu ya kifungo. Kifungo chenyewe tulikikuta baadaye kwenye chujio la karo. Mzee alikufa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu ina povu, na kinyozi wa watu akaacha kazi. Siku ile nilikwambia ukome. Ulinijibu kwamba wanawake hatuelewi heshima ya nyumba inavyolindwa. Nilipaswa kukunyang'anya ule ufunguo hata kwa meno. Niliogopa, nikaendelea na kazi yangu na pasi ya umeme, nikanyamaza. Hilo ni langu, sikutupii wewe.

Halafu ikaja habari ya Bwana Miwani. Unajua jinsi alivyotokea: duka la miwani ng'ambo ya barabara, mashati matatu ya bluu kila wiki, alama yake ya uzi wa kijani niliyoishona mimi mwenyewe ndani ya kola siku ya kwanza alipokuja. Alikuwa akileta mashati hata yale ambayo hayakuwa machafu, mpaka mdogo wetu akaanza kumwita shemeji waziwazi. Alipotuma ujumbe kwamba anataka kuja nyumbani kwa heshima zote, ulikataa. Ulisema aliwahi kuoa akaachana, kwa hiyo hafai. Nilipokwambia kwamba mimi sioni tatizo, ukasema sababu ya kweli: nani atapiga pasi? Ukasema mwanamume yeyote atakayenitoa kwenye nyumba hii ni mwizi sawa na wezi wengine. Nina miaka thelathini na minne, kaka. Mdogo wetu alikucheka usoni, akakwambia kwamba dada si shuka la hoteli, hajapigwa muhuri wa mtu. Wewe hukucheka. Ningejua kwa nini, ningelala nimeukumbatia ule mlango wa kabati.

Nimtaje sasa mdogo wetu, maana barua yako nzima haikumtaja kwa jina tulilomwita. Pamba. Kitinda mimba wetu, miaka ishirini na miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Pamba kwa sababu ya kupenda kuvaa. Kijana asiyekuwa na suruali mbili za maana, lakini akipita barabarani watu wanageuka. Unakumbuka baba alivyokuwa akimkagua kola kila Jumapili, kuona kama kuna alama ya mteja? Na Pamba alivyojifunza kuikunja kola kwa ndani? Baba alikuwa akigomba huku anacheka.

Alhamisi ile nilikuwa kaunta napokea nguo. Mama alikuwa jikoni, ambako ukuta wake ni mmoja na ukuta wa chumba cha pasi. Wewe ulikuwa chumba cha pasi, mlango umefungwa. Pamba alikuwa uani anaanika mashuka ya zahanati na kuimba kwa sauti yake mbovu. Kama saa nne na nusu kuimba kulikatika, na shuka moja likaanguka kwenye matope. Mama alitoka kwenda kumkaripia. Alimkuta amelala chali chini ya kamba ya katikati, shuka limemfunika nusu, na vibanio viwili vya nguo bado viko katikati ya midomo yake.

Vifungo vya shati lake nilivifungua mimi. Alama ilikuwa pale kifuani, nyekundu, imenyooka kama iliyopimwa kwa rula, na ukingo wake wa kushoto ulikuwa na pengo. Nilikuita kwa nguvu zangu zote. Nilikuita wewe, kaka, kwa kuwa tangu utotoni kikiharibika kitu naita jina lako kwanza. Chumba cha pasi kilikuwa wazi, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ulikuwa umekimbia na fulana tu. Shati lako, lile ulilozoea kulivua na kulitundika kwenye msumari unapopiga pasi kwa sababu ya joto, ulikuwa umeliacha hapo hapo msumarini. Juu ya meza palikuwa na shati la bluu lenye uzi wa kijani, na pasi ya babu ilikuwa bado ya moto. Ilipopoa niliirudisha kabatini nikalibana kufuli, ingawa ufunguo ulikuwa umeondoka nao.

Mpelelezi alikuja siku iliyofuata. Ni mwanamke mfupi, kalamu ameichomeka nywelini, na kila mtu anamwita ndugu yangu, hata wale anaowashuku. Alitandaza juu ya kaunta michoro mitatu ya daktari: dalali, mzee wa suti, Pamba. Alama tatu, pengo moja. Akaniuliza kwa upole kama tunayo pasi ya zamani. Nilimtazama machoni nikamwambia kwamba sisi tunatumia umeme. Nilimdanganya kwa ajili yako, na maiti ya mdogo wangu ilikuwa bado haijazikwa. Akanishukuru, na tulipofungua duka tu akaanza kuleta nguo zake tumfulie. Mimi nilidhani ni mjinga. Kumbe alikuwa amekuja kukaa karibu akisubiri nichoke.

Uongo ule niliubeba mpaka barua yako ilipofika. Nilipofika pale uliposema habari ya mganga, nikaona nina njia moja tu ya kujua ukweli. Mashahidi wa Alhamisi ile walikuwa wawili, wewe na Mpangaji, na wewe nilikuwa nimekwisha kukusoma. Basi asubuhi mama alipokwenda zahanati kuonyesha miguu, nilifunga duka, nikalivunja kabati kwa shoka dogo la kuni, nikatia mkaa ndani ya pasi, nikaiweka juu ya sahani yake ya chuma. Sikuweka nguo. Niliweka kiti, nikakaa mbele yake.

Alipiga hodi kwanza. Sikutegemea adabu ile, na mpaka sasa inanichefua. Hodi ilitoka ndani ya pasi, sauti ya mteja mstaarabu aliyekuja kuulizia nguo zake, na jogoo wa shaba akageuza kichwa kunitazama. Chumba kikanuka nguo iliyovundia majini. Aliuliza kama nimemletea kitu. Nilisema nimeleta swali. Akasema maswali hayamo kwenye mapatano yake na babu, lakini siku hizi hakuna anayezungumza naye, wanamtuma tu, kwa hiyo niulize.

Nilimuuliza nani aliigeuza kazi ya Alhamisi. Alisikika kama ametukanwa. Alisema kazi yake haijawahi kugeuzwa na mganga yeyote, na kwamba yeye hufuata jasho lililo jipya zaidi, na jasho jipya katika shati lile lilikuwa la Pamba. Ni kwa nini jasho la Pamba lilikuwa kwenye shati la Miwani, nitafika huko, usinikimbize. Nilimuuliza mbona alimchukua mtu wa nyumba hii. Hapo ndipo aliponieleza sharti ambalo babu hakutuambia sisi wadogo, na baba alikuambia wewe peke yako pamoja na ufunguo.

Akimkuta mtu wa nyumba hii mwisho wa safari yake, ni lazima arudi kwa aliyemtuma akaulize. Aliyemtuma akisema aache, anaacha, lakini safari haiwezi kuwa bure, na anachukuliwa yule aliyetuma. Akisema aendelee, anaendelea. Akinyamaza, kunyamaza kunahesabiwa kuwa ni kukubali.

Alirudi kwako. Alikwambia kwamba aliyeko mwisho wa shati lile ni mdogo wako, yuko uani anaimba. Ukamwambia asubiri. Akarudi mara ya pili, ukamwambia asubiri. Mara ya tatu hukusema kitu, na alichosikia ni mlango wa nyuma ukifunguliwa.

Majini ni waongo, hilo hata mtoto mdogo analijua, na sikutaka kumwamini. Nilimwaga mkaa, nikaumwagia maji, nikasubiri mama arudi. Alipokaa na kunyoosha miguu, nikamuuliza kwa mzunguko kama asubuhi ile ya Alhamisi alisikia chochote kupitia ukutani. Mama alisema ndiyo. Alisema alikusikia ukimwambia mtu asubiri, kisha tena asubiri, na alidhani ni mteja amekujia kwa haraka ya suruali yake. Halafu akaniuliza mteja huyo alikuwa nani. Nilitoka nje nikaenda kusimama karoni, nikafungua bomba mpaka mwisho ili asisikie ninavyolia.

Kwa hiyo mganga hayupo, na hakuwahi kuwepo. Ulilisikia jina la Pamba kabla hajaanguka. Ulikuwa na muda wa kusema neno moja fupi, na muda ule uliutumia kufungua komeo. Halafu umekaa kwenye hoteli ya watu ukaniandikia mimi habari za ukoo, ukitaka nikuulie mpelelezi leo na Miwani kesho, eti kulinda nyumba. Nyumba ipi, kaka? Imebaki mama mwenye miguu iliyovimba na mimi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi si yule mdogo wako wa kuita jina lako kikiharibika kitu.

Sasa nitasema langu, maana sitaki ulisikie kwa mwingine.

Jumatano, siku moja kabla, Pamba alikuwa na usaili wa kazi ya udereva wa gari la wagonjwa. Shati lake la pekee lenye heshima lilikuwa limerukiwa na dawa ya kung'arisha, lina madoa kama ramani. Alinibembeleza tangu alfajiri. Nilipanda kwenye kigoda, nikatoa rafuni shati la Bwana Miwani lililokuwa limeshafuliwa na kukunjwa, nikampa. Nilichagua la Miwani kwa sababu lilimkaa mabegani, na kwa sababu katika mashati yote ya rafuni ndilo pekee nililojiona kama nina ruhusa nalo. Alijitazama kwenye kioo cha kaunta akaniuliza kama anafanana na shemeji yake. Alirudi jioni ameloa jasho, amefaulu, anataka kunibeba juu. Barua ya kumwita kazini ilifika siku tatu baada ya mazishi.

Unaikumbuka sheria ya baba kwa sisi wezi wa nguo: ukivaa ya mteja, isirudi rafuni. Irudi kwenye kapu la nguo chafu, ifuliwe upya, mteja asivae jasho la mwingine. Nilimkumbusha Pamba sheria ile, na yeye, ambaye hakuwahi kutii kitu, siku ile alitii. Alilivua akalitupa kapuni. Asubuhi ukaja wewe, ukapekua kapu, ukaona uzi wa kijani, ukajua Miwani ameleta nguo. Dobi mwingine yeyote katika mji huu angesita kidogo akajiuliza nani amelivaa shati hili tangu liletwe. Wewe hukujiuliza, kwa kuwa hujawahi kuvaa nguo ya mteja maishani mwako, na ulikuwa ukitutambia kwa hilo kila tulipokaa mezani. Ulikuwa dobi mwaminifu. Aliyeliweka jasho la Pamba kwenye shati lile ni mimi.

Nimemwambia mama hili. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Aliniuliza kama lilimpendeza. Nikasema lilimpendeza sana. Akaniomba nimsimulie tena alivyojitazama kwenye kioo, nikamsimulia. Bwana Miwani naye nimemwambia, kila kitu, pamoja na kwamba kaburi lile lilichimbwa kwa ajili yake. Aliivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kuja kumsaidia mama kuziba karo inayovuja. Nitaolewa naye, na wewe hutakuwepo kukataa.

Kosa langu nitakufa nalo. Lakini lingekuwepo jini, au polisi, au hata mpita njia wa kunijia Alhamisi ile na kuniuliza ni Pamba au ni wewe, nisingemaliza kuvuta pumzi kabla ya kujibu. Mimi sikuulizwa. Uliulizwa wewe, mara tatu, mchana kweupe.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mpelelezi nikamtolea yote. Aliandika kila neno mpaka nilipofika kwenye jini, hapo akairudisha kalamu nywelini na kunisikiliza tu. Nilipomaliza alikuja nyumbani, akaweka michoro yake sakafuni kando ya pasi, akalinganisha pengo na pengo. Hakuigusa. Alisema sheria haina kifungu cha majini, lakini kifungu cha pasi inacho, na alama tatu, chuma kimoja na mtu aliyekimbia vinamtosha kuanzia. Alisema pasi ataichukua akisharudi nawe. Hakusema kwa nini si kabla, nami sikumuuliza, ila tulitazamana. Kisha nikampa jina la hoteli na jina unalojiita, yale yale uliyonipa kwa kuniamini.

Mwanamke mfupi aliyekukabidhi barua hii na kifurushi, aliyesema ametumwa na nyumbani, ndiye yeye. Barua hajaisoma. Amekaa mbele yako sasa hivi anakungoja umalize. Mwenzake yuko mlango wa nyuma wa hoteli, kwa kuwa nilimweleza tabia yako na milango ya nyuma.

Fungua kifurushi. Ni shati lako, lile la msumarini. Nimelifua kwa maji matatu, nikalitia wanga kiasi unachopenda, nikalipiga pasi ya umeme. Utaona halina mkono wa kushoto. Niliufumua kwenye mshono kabla shati halijaguswa na maji. Umetundikwa kwenye msumari wako, haujafuliwa, na kwapani una chumvi nyeupe ya Alhamisi ile. Mkaa upo ndani, pasi ipo, na kabati halina tena kufuli.

Ukirudi na huyu ndugu yangu wa kalamu, utapitishwa nyumbani kwanza, hilo amenikubalia. Utakaa mbele ya mama na kumwambia kwa mdomo wako mwenyewe mteja yule wa Alhamisi alikuwa nani, alikuuliza nini, na ulimjibu nini. Ukimaliza, nitaufua mkono huu mbele yako, nitaushona mahali pake kwa uzi mwekundu, ule wa nguo za nyumba yetu, na utasimama mahakamani umevaa shati kamili. Nitakuja kila siku ya kesi. Chakula nitakuletea. Hilo ndilo neno ukoo ninavyolielewa mimi, na nimeliandika mara moja tu.

Ukikimbia, au huyu mama wa watu akirudi huku bila wewe, au asirudi kabisa, nitawasha. Najua Mpangaji atanirudia kuniuliza, kwa kuwa wewe ni mtu wa nyumba hii. Najua pia neno la kukuokoa na kinachompata anayelisema. Nimekaa na jambo hili siku tisa, na bado sijajua nitasema neno lipi kati ya yale mawili. Ninachokijua ni kwamba mimi sitamwambia asubiri.

Viatu vyako nimeviweka chini ya shati. Vimepigwa rangi. Ni vya kutembelea, si vya kukimbilia.

Mama ameamka, namsikia anaita. Anasema nikufikishie salamu zake zote, anasema ule vizuri na uepuke vumbi, na anauliza utafika lini ili akuwekee maji ya kuoga. Nimemwambia ni safari ya siku moja.

Nakusalimu tena, na wasalimie wote unaofanya nao kazi, hata kama hawajui jina lako.

Ni mimi, dada yako, ambaye sasa ndiye mwenye kushika pasi.